Koti la Kwenye Picha

Mzee Torbjørn alitoka nyumbani saa nne asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Oktoba, akiwa na miaka themanini na mmoja na akili ya kuja na kuondoka. Binti yake Gunnvor alikuwa anaoga. Alipotoka bafuni alikuta mlango wazi, koti la baba halipo ukutani, na nje theluji imeanza kudondoka.

Polisi walimuuliza kwa simu mzee amevaa nini.

"Koti lake la kila siku, lipo kwenye picha yake niliyo nayo," akajibu. "Nawatumia sasa hivi."

Lakini picha yenyewe! Aliipiga jikoni mwezi uliopita, mzee akila mkate na jibini, amegoma kuvua koti. Taa ilikuwa hafifu na uso umetoka wa kijivu. Huyu alikuwa kinyozi miaka arobaini, mtu ambaye hata kutupa taka hakwenda bila kuchana nywele. Leo mji mzima umwone kama maiti? Gunnvor roho ilimkataa. Akafungua mtandao mmoja wa bure wa kurekebisha picha. Mwanga akaupandisha. Giza na weupe akavitenganisha hadi macho yakaonekana. Rangi akaikoleza, akaisogeza upande wa wekundu, mashavu yakapata damu. Kazi ya dakika mbili tu, na macho yake muda wote yalikuwa usoni kwa baba.

Polisi waliisambaza, na kufikia saa sita mchana picha ilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Kaka yake Eirik alipiga simu kutoka mji wa Bergen, yuko njiani.

"Dada, mzee umemuogesha kwa sabuni gani? Bwana harusi kabisa!"

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu.

Mbwa wa polisi walimpata kesho yake alfajiri, nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa ameegemea mti, mikono mifukoni. Baridi ilikuwa imemmaliza.

Siku ya tatu majirani walikuja na keki na kahawa. Wa mwisho alikuwa Solfrid, mwanamke anayesambaza barua mtaani. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule na viatu vyake vya theluji, jambo ambalo hakuna mtu hulifanya kule.

"Nilimwona," alisema. "Jumanne, saa saba, kwenye kituo cha basi karibu na kiwanda. Nilisimamisha gari. Nikatoa simu, nikaangalia picha yenu. Koti jekundu, nyekundu ya kuiva. Yule mzee koti lake la kahawia, na uso hauna damu. Nikasema si yeye, huyu anangoja basi. Akanipungia mkono. Nikaenda zangu."

Akajifuta theluji usoni.

"Ningemuuliza jina tu, mwenzangu. Jina tu! Sijalala tangu wamempata. Nikifumba macho namwona."

Gunnvor akaikumbuka ile rangi aliyoikoleza. Koti lilikuwa la kahawia. Miaka ishirini alikuwa analifua yeye. Eirik, aliyeelewa wakati huohuo, alimshika mkono akamnong'oneza.

"Nyamaza. Maji yakishamwagika hayazoleki."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Angemkumbatia Solfrid, angemwambia usijilaumu, na mama wa watu angekwenda kujilaumu hadi kaburini. Gunnvor aliuchomoa mkono wake. Akafungua simu, akaitafuta picha ya kwanza, ile ya jikoni isiyoguswa, akampa.

"Ilikuwa hivi," alisema. "Mimi ndiye niliyeigeuza. Nilitaka apendeze. Kosa si lako, Solfrid, ni langu."

Solfrid aliisogeza simu karibu na macho. Akaligusa lile koti la kahawia kwa kidole.

"Ndiye huyu," alisema polepole. "Huyu ningemchukua."