Mgongo wa Agosti

"Nimekosea," Edilma aliliambia darasa lake. "Tundu jipya la mkanda wa mume wangu nililitoboa mimi mwenyewe, kwa msumari wa moto, na nikacheka."

Watu wakaangua kicheko. Usiwalaumu. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa shule ya kijiji cha Santa Elena, Edilma alianza darasa kwa kichekesho, na waliokuja kumsikiliza walikuwa wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Ni muuguzi wa zahanati, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti inayofika barabarani. Ndiye aliyewafundisha wakulima wa maua wa mlima ule wote namna ya kunyanyua mzigo bila kuua kiuno.

"Mzigo ukumbatie kama mchumba," alikuwa akiwaambia. "Sasa wewe unaushika kwa mbali kama nepi iliyojaa, halafu unashangaa kiuno kinalia?" Aliwachuchumaza wazee wa watu sakafuni: kunja magoti, usijipinde na ndoo mkononi, ukitaka kugeuka geuza miguu. Aliyeshikwa kiuno hakumruhusu kushinda amelala. "Kitanda ni cha maharusi. Wewe harusi yako ilishapita zamani. Tembea, taratibu, weka chupa ya maji ya moto, kesho tembea tena. Kiuno hakipendi kususiwa." Na wengi walipona hivyo hivyo, kwa kutembea na kucheka.

Siku hiyo wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Arcesio, kaka mkubwa wa mume wake, aliyekaa kiti cha mbele.

"Shemeji, unatania?"

"Sitanii."

"Basi kaa chini."

Akakaa. Darasa likaishia hapo, watu wakatoka mmoja mmoja bila kuburuta viti.

Tundu lenyewe halieleweki bila kwanza kuujua mgongo wa Agosti. Agosti ndipo familia za Santa Elena zinateremka mjini Medellín kwenye gwaride la maua, na maua yao yamepangwa kwenye silyeta, kile kiti cha mbao kinachobebwa mgongoni, mikanda miwili mabegani na mmoja kwenye paji la uso. Ikijaa maua, silyeta kubwa ina uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Nafasi ya kubeba inarithiwa, na hakuna anayeitoa kirahisi. Libardo, mumewe Edilma, aliachiwa na baba yake siku ambayo hata kijiko kilikuwa kimeshamshinda mzee.

Basi kuanzia Mei watu wanapalilia, wanakata, wanafanya mazoezi ya kupanda kilima na magunia ya udongo mgongoni. Ikifika Julai hakuna kiuno kizima kijijini. Watu wanasalimiana kwa hicho hicho: "Vipi, mgongo wa Agosti umeshafika?" "Umefika tangu juzi, umekuja na mizigo yake." Na ukisema huumwi, umekwisha. Watakuuliza kama mwaka huu unabeba maua ya plastiki.

Kwa hiyo Libardo alipoanza kushika kiuno, nani ashtuke? Majirani walimpongeza. Edilma alimpa chupa ya maji ya moto, akamtembeza uani kama anavyowatembeza wengine, na Libardo akatembea, mtu mrefu, mpole, anayeongea na maua kuliko na watu.

Suruali ikaanza kumporomoka. Edilma akaweka msumari kwenye moto wa jiko.

"Unarudi kuwa kijana," alimwambia huku akitoboa mkanda. "Itabidi nianze kufunga mlango kwa ufunguo."

"Funga," Libardo akasema. "Lakini ufunguo usiupoteze."

Wakacheka wote wawili. Harufu ya ngozi iliyoungua ilikaa jikoni mpaka jioni.

Usiku maumivu yalimwamsha. Alikuwa anatoka kitandani kwa ubavu, polepole, anakwenda kukaa jikoni gizani mpaka kuche. Edilma, akishatoka zahanati, analala kama gunia la viazi. Akimkuta asubuhi kwenye kigoda cha jikoni, anaambiwa jogoo wa jirani ana wazimu, au maharage yalikuwa hayajalowekwa. Aliamini. Nani anadanganya kuhusu maharage?

Kilichomshtua ni kandambili. Asubuhi moja Libardo aliingia kutoka bustanini akiwa na kandambili mguu mmoja tu. Mguu wa pili ulikuwa peku, umejaa tope, na kidole kinatoka damu. Akavuta kiti, akakaa, akaomba mkate wake wa mahindi.

"Kandambili nyingine iko wapi?"

"Ipi?"

Edilma aliweka sahani chini. Akapiga magoti mbele yake, akamshika unyayo, akaubonyeza kwa ukucha.

"Unanisikia hapa?"

"Wapi?"

Akabonyeza tena, kwa nguvu. Libardo alikuwa anamtazama usoni, sio mguuni, kama mtoto anayejaribu kusoma jibu kwa mwalimu.

Wakateremka Medellín siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mtoto wao Yuliana, na alipojua kuwa Edilma ni muuguzi akaanza kuzungumza naye kama mwenzake wa kazi. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angependa adanganywe kidogo, kama wake za watu wengine. Ugonjwa ulianzia kwenye tezi dume, daktari alisema, ukahamia kwenye mifupa. Pingili moja ya kiunoni ilikuwa imeliwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Mionzi itapunguza maumivu. Kuondoa, haitaondoa.

"Asibebe kitu, dada. Hata ndoo ya maji. Hiyo pingili ikibonyea, miguu imekwenda."

"Na gwaride?" Libardo aliuliza.

Daktari alimtazama Edilma, Edilma akatazama ukuta.

Jumamosi iliyofuata ndipo Edilma alipoliungamia darasa lake lile tundu. Mionzi Libardo alipigwa, akarudi nyumbani na mkongojo, na siku za gwaride zikawa zinasogea. Libardo alikuwa anashinda bandani akipanga maua kwenye silyeta, mayungiyungi pembeni, alizeti katikati, amekaa kwenye kiti na mto mgongoni. Edilma alimletea dawa, akasimama pale mlangoni.

"Libardo. Nikuulize kitu?"

"Hata nikikataa utauliza."

"Mwisho wa darasa langu huwa nasema nini?"

Libardo alichomeka ua moja. Akalitoa, akalichomeka tena mahali pale pale.

Mwisho wa darasa Edilma huwa anaacha utani. Anasema kuna maumivu ambayo si ya kutembeza. Yanayokuamsha usiku. Unakonda na hujajinyima. Mguu unakufa ganzi, au hapo unapokalia, au mkojo unakataa. Hayo usiyangoje, usiende kukandwa kwa mtu, kimbia zahanati siku hiyo hiyo. Na ni Libardo aliyekuwa akiwaletea wanadarasa maji ya moto ya sukari guru na mikate. Anaingia na sinia, vikombe vinagongana, watu wanainuka, na Edilma inabidi amalizie kwa kupiga kelele juu ya migongo ya watu wanaogombania mkate.

"Mwaka huu ulikuwa unaingia na sinia mapema," Edilma akasema.

"Maji yalikuwa yanachemka mapema."

"Libardo."

Akaweka maua chini.

"Nilisimama pale mlangoni nikakusikiliza," alisema. "Mwezi wa tano huko. Ukataja la usiku. Ukataja la kukonda. Nikasema, he, huyu mke wangu ananisema mimi mbele za watu."

"Hukuniambia!"

"Ungenikataza kubeba."

"Ningekutibu!"

"Ungenitibu, na ungenikataza. Nilitaka Agosti ipite. Ningekwambia Agosti ikipita, siku ile ile, hata kofia sijavua."

"Kwa hiyo ukawa unaleta vikombe ili nisimalize."

"Nilikuwa sitaki kusikia tena. Na Arcesio anakaa mbele pale, ana macho." Akajaribu kutabasamu. "Halafu mikate ilikuwa inapoa."

Edilma alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika kichwa na kukiweka tumboni kwake. Badala yake aliokota mayungiyungi yaliyodondoka akayapanga mezani kwa urefu, madogo kwa makubwa, kazi ambayo hakuna aliyemwomba.

Arcesio alikuja jioni kumtetea mdogo wake. Hakuingia ndani, alisimama uani akizungusha kofia mikononi.

"Shemeji, mwache abebe. Sisi tutatembea naye, mmoja huku, mmoja huku. Kwani anakwenda kupoteza nini sasa?"

"Miguu."

"Miguu ya kumpeleka wapi?"

"Chooni, Arcesio. Ya kumpeleka chooni. Au utakuwa unakuja kumbeba wewe asubuhi na jioni?"

"Nitakuja."

Alisema bila kufikiri, na akaanza kulia pale pale, mzee mzima, kwa sauti, mpaka kuku wakakimbia. Edilma akamwacha alie. Akilini mwake alikuwa anajibishana naye bado. Alijua anachokikataa. Hakuwa anakataa mzigo tu. Mtu akibeba, watu wa Medellín wanamshangilia barabara nzima, wanamwita jina lake, wanamrushia busu, wazee wanavua kofia. Libardo hazungumzi na watu mwaka mzima, halafu siku moja mji mzima unazungumza naye. Akimnyima siku hiyo, anambakishia nini? Vidonge na mto. Na akimpa, kisha pingili ikabonyea katikati ya makofi, atakuwa amemvunja mume wake kwa mkono wake, yeye aliyewafundisha watu wote mlimani namna ya kutovunjika.

Alikataa. Alirudia kukataa kila alipoulizwa, na kila mara ilimtoka kwa sauti ndogo zaidi.

Yuliana, binti yao, akapanda kutoka mjini alikokuwa akiuza simu, aje abebe badala ya baba yake. Alikuwa hajawahi kubeba silyeta kubwa. Edilma akamfundisha uani, na safari hii bila kichekesho hata kimoja. Libardo aliwatazama kutoka dirishani. Jambo moja tu alisahihisha.

"Mkanda wa kichwa ushuke kidogo," alisema kupitia dirishani. "Hapo utakukata."

Asubuhi ya gwaride lori lilikuwa barabarani linanguruma, dereva anapiga honi, majirani wameshapanda na silyeta zao. Maua ya Libardo yalikuwa yamesimama uani juu ya meza, yana umande bado, makubwa kuliko mlango. Yuliana alikuwa amevaa sketi ya gwaride na blauzi nyeupe, anafunga na kufungua mikono. Arcesio alishika upande mmoja wa mbao, Edilma upande wa pili, tayari kumtwisha.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Libardo alitoka amevaa nguo zake nyeupe zote, kofia, na poncho, lile shuka la wabebaji, begani. Zilimpwaya kana kwamba ameazima kwa mtu. Mkongojo hakuwa nao. Alikuja ameshika ukuta, kisha ukuta ukaisha, akaja bila kushika kitu.

"Baba," Yuliana akasema.

Libardo alipita kati yake na meza, akageuka polepole, akawapa mgongo wote watatu. Akanyoosha mikono nyuma, viganja wazi, kama abebaye anavyoingojea mikanda.

"Niwekeeni," alisema. "Sitembei. Nitasimama nayo tu hapa hapa, niusikie uzito, halafu mnitoe mmpe mtoto."

Lori likapiga honi. Arcesio alimtazama Edilma. Yuliana alifunika mdomo kwa mkono. Edilma alikuwa bado ameshika mbao, petali zinadondoka kwenye viatu vyake. Mbele yake palikuwa na ule mgongo, shati limelala juu ya mifupa, na alijua ni pingili ipi, angeweza kuiwekea kidole bila kumvua shati.

"Hata kidogo tu," Libardo akasema.

Viganja vyake vilikuwa bado wazi, vinapapasa hewa huku na huku, vinatafuta mikanda.

"Jamani," akasema. "Mpo? Niwekeeni basi."