Mama Sabuni na Sheria ya Kunyamaza

Kama kuna mtu aliyezaliwa bila kufundishwa kunyamaza, ni Syprose. Akina mama wa Kiptere, ambao wenyewe si mabubu, wakimwona anakuja mtoni hutua mitungi yao kabisa, maana wanajua hawataondoka upesi. Kwao Syprose ni upande wa ziwani. Aliolewa na Kipkosgei, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na tangu aingie boma lile kimya kilihama bila kuaga.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyejiandikisha darasa la mtandaoni la kuandika tamthilia, tena darasa la Mwalimu Nyaberi! Mwalimu huyo alikuwa na sheria. Kamera iwashwe. Maiki izimwe mpaka uitwe. Ukitaka kusema, inua ule mkono wa manjano wa kwenye simu. Usile ugali mbele ya wenzako. Ukitoa maoni kuhusu kazi ya mtu, anza na sifa ndipo ulete kasoro. Hizo zote Syprose alizimeza. Iliyomkwama kooni ni moja tu: kazi yako ikijadiliwa, wewe mwandishi unanyamaza. Huelezi, hujitetei, hata "lakini" husemi.

"Mwandishi ni kama marehemu kwenye mazishi yake," Nyaberi alipenda kuwaambia. "Anasemwa yote, na hana jibu."

Syprose alikuwa ameshafufuka mara mbili. Mara ya kwanza mwanafunzi mwenzake, Robert, alisema mhusika mmoja haeleweki, naye akamweleza mhusika huyo mpaka bando la Robert likaisha. Mara ya pili hakuna aliyekuwa amesema lolote baya. Alijitetea mapema, asije akachelewa. Hapo mwalimu akachoka.

"Tamthilia yako imechaguliwa kuigizwa Kericho mjini mwezi wa kumi na mbili," akamwambia. "Lakini Jumamosi tunaijadili, na ukitamka neno moja kabla sijakuruhusu, inatoka, inaingia ya mwingine. Neno moja, Syprose."

Na haki ya Mungu, aliitaka ile siku. Tangu aolewe alikuwa mke wa Kipkosgei na mama wa Chelimo. Alitaka mara moja tu watu wakae kwenye viti, wanyamaze, wamsikilize Syprose.

Tamthilia yenyewe iliitwa *Mama Sabuni*. Ilimhusu mama mkwe anayemfungia mke wa mwanawe kibuyu cha maziwa kwa kufuli. Hadithi hiyo aliitoa wapi? Hakwenda mbali. Mama mkwe wake, Kogo Elmina (kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na boma zima lilimwita hivyo kwa kumfuata Chelimo mdogo), alikuwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya Wakipsigis. Kilikaa kabatini, kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo uliishi kwenye fundo la leso yake. Syprose aliruhusiwa kukamua ng'ombe, kuchuma chai, kupika, hata kuuza kuku. Lakini akinyoosha mkono kwenye kibuyu, Kogo husema, "Wewe wacha. Hiyo nitafanya."

Kwa nini? Hakuna aliyemwambia, kwa hiyo akajijibu mwenyewe: ni kwa sababu mimi ni wa ziwani, anaona mikono yangu inanuka samaki. Jibu hilo lilimuuma miaka yote, na maumivu yote hayo akayamwaga kwenye tamthilia. Alijificha kidogo, si mjinga. Boma alilihamishia Soin. Mama mkwe akampa mguu mnene na meno mabovu. Lakini jina alilichukua likiwa bado moto, kwa kuwa ndilo akina mama wa kanisani walilomwita Kogo kisogoni, kisha wakacheka. Syprose aliamini wanamwita Mama Sabuni kwa sababu Kogo angeweza kufua hata jiwe kabla ya kulikalia.

Shida ni kwamba netiwaki ilikamatika mahali pamoja tu katika boma lile: jikoni kwa Kogo, karibu na dirisha linalotazama kilima. Syprose hakuwa na wasiwasi. Kiswahili cha Kogo kilikuwa cha kununulia chumvi. Kiswahili cha darasani kingempita juu kama ndege. Isitoshe, wiki zote hizo kila darasa likianza, Kogo alikaa na mahindi yake ya kupukuchua, akafumba macho, akaanza kukoroma.

Jumamosi ikafika. Vile visikilizio vya masikioni Kipkosgei alikuwa ameondoka navyo kazini. Syprose akamtazama Kogo, akaona amelala, akafungua spika.

Nelvine, mwanafunzi wa Kabianga mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyesoma sehemu ya Mama Sabuni. Akakoroma anapokoroma, akakohoa anapokohoa, na alipofika mahali mama mkwe anapofunga kabati, akasema kama ilivyoandikwa, kwa msemo wa Kogo mwenyewe, "Haya. Mungu ni wa wote."

"Mungu ni wa wote," ikaitikia sauti kutoka kwenye mahindi.

Syprose akageuka. Kogo alikuwa amefumba macho, lakini mtu gani anayelala huku kidole gumba kinaendelea kupukuchua?

"Vizuri," mwalimu akasema usomaji ulipoisha. "Sasa mwandishi amekufa. Tuseme."

Robert akaanza. Mama Sabuni, alisema, ni mbaya mno, mbaya mpaka haaminiki. Mtu hawezi kufunga kibuyu miaka yote bila sababu. Syprose akauma ncha ya leso. Sababu ipo! Ni dharau! Wewe Robert umeolewa na nani hata ujue mama mkwe? Maneno yakapanga foleni nyuma ya meno. Akayameza moja moja kama dawa ya minyoo.

Ghafla mkono mkavu ukapita mbele ya pua yake. Ukachukua simu, na kidole kikabonyeza pale penyewe. Mkono wa manjano ukainuka kwenye skrini.

"Syprose, shusha mkono," mwalimu akasema. "Marehemu hainui mkono."

Kidole kikabonyeza tena, maiki ikafunguka.

"Si Syprose. Ni mimi, yule mama ya kibuyu."

Lo! Mwalimu Nyaberi akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama... unajua sheria zetu?"

"Nimekaa hapa wiki ngapi? Naanza na sifa." Kogo akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka darasa zima likaona pua tu. "Hii mtoto anajua kuandika. Kikohozi yangu imetoka vile iko. Sasa kasoro. Mimi sina mguu mnene. Mutafute mtu mwembamba aniigize, na akuwe mrembo kidogo."

Robert akainua mkono, akauliza kwa woga kama kweli inaruhusiwa.

"Sheria inasema mwandishi anyamaze," mwalimu akajibu, na ungeona anavyojizuia kucheka. "Haisemi kitu kuhusu mama mkwe. Endelea, Mama."

Kogo akamtazama Syprose kwa jicho la pembeni, na Syprose akaiona ile furaha iliyomo. Mwanamke huyu alikuwa ameelewa kila kitu! Alijua kwamba mkaza mwana wake, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hawezi kumjibu.

"Kwa hii mchezo, yule mke hana makosa," Kogo akasema. "Wetu yuko nayo. Anaongea mpaka ng'ombe inashika maziwa. Ugali yake iko sawa. Lakini samaki..." Akatulia kidogo, makusudi. "Samaki hajui kupika."

Yawa! Mwambie mwanamke wa ziwani chochote, mwite mvivu, mwite mchawi, lakini samaki wake umwachie! Machozi ya hasira yalimtoka Syprose. Akainuka, akakaa, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Kericho mjini, akajikumbusha. Viti vimejaa. Neno moja, Syprose.

Kogo alipoona hajajibu, akaacha utani. Akashusha simu kidogo, na sauti yake ikashuka nayo.

"Sasa kibuyu. Huyu kijana Robert amesema kweli, iko sababu. Wiki ile ya kwanza ameolewa, wageni ya kanisa walikuja kuona bibi arusi. Yeye akataka kunisaidia. Akatoa kibuyu, akaiosha. Na sabuni. Sabuni ya unga, ya kufulia."

Nelvine akapiga ukelele. Kila Mkipsigis aliyekuwa darasani akashika kichwa. Kibuyu cha mursik na sabuni? Kibuyu hunywa kila unachokitilia, na hakitapiki.

"Pasta akakunywa," Kogo akaendelea. "Povu ikakuja mpaka kwa ndevu. Watu wakauliza, nani ameosha hii kitu? Nikasema ni mimi, macho imezeeka. Tangu hiyo siku wananiita Mama Sabuni. Wanafikiri sisikii. Bibi arusi akichekwa wiki ya kwanza, anachekwa mpaka azeeke. Mimi nimezeeka tayari, wacha wacheke. Nikafunga kibuyu asirudie mbele ya watu. Nilikuwa nimwambie, halafu siku ikapita, ikawa ngumu." Akakohoa. "Na pia ni kibuyu yangu. Naipenda."

Syprose alikuwa bado ameziba mdomo, lakini sasa hakuwa akizuia maneno. Hakuwa nayo hata moja. Alikuwa ameichukua ile aibu iliyobebwa kwa ajili yake, akaifanya kichwa cha tamthilia, akawapa watu waisome kwa spika mbele ya aliyeibeba. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Haya," mwalimu akasema kwa upole. "Mwandishi, fufuka. Hujitetei. Unaruhusiwa swali moja."

Darasa zima likasogea karibu na skrini.

"Kogo," Syprose akasema, "kinaoshwa na nini?"

Kogo akafungua fundo la leso kwa meno, akatoa ufunguo.

"Zima hiyo simu kwanza," akasema. "Hiyo si ya kila mtu."

"Usizime!" darasa likapiga kelele, mwalimu akiwa wa kwanza. Syprose akazima.

Jumamosi iliyofuata wote walitaka kujua. Ni mkaa wa mti gani? Kuna ufito wa kusugulia? Syprose akawatazama, akatabasamu, akanyamaza, na safari hii hapakuwa na sheria yoyote iliyomlazimisha. Tamthilia ilibaki mahali pake, ila aliandika mwisho mpya. Alitaka pia kubadilisha jina. Kogo akakataa katakata: "Wacha hivyo. Ile kitu ubadilishe ni mguu."

Mwezi wa kumi na mbili, akina mama wa kanisani walikodi gari zima kwenda Kericho mjini. Walikuja kumcheka Mama Sabuni, na wakacheka kweli. Kisha ikafika ile sehemu ambapo mke, akiwa peke yake jukwaani, anachukua kibuyu, anachukua sabuni ya unga, anaimba huku akisugua. Kicheko kikakatika. Vichwa vikageuka polepole, vikamtazama Syprose aliyekaa mstari wa mbele kando ya Kogo. Alijua watamtazama. Aliiandika akijua.

Walipotoka nje, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye kofia ya manyoya, akapaza sauti mbele ya watu wote: "Mama Sabuni!"

Kogo akaanza kugeuka, kwa mazoea ya miaka. Syprose akamshika mkono.

"Niko hapa!" akaitika, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Nani ananiita?"

Wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Kogo akajifunga leso vizuri, akatangulia kwenye gari.

"Haya," akasema. "Mungu ni wa wote."