Gari la Vitabu Halifiki Tena Mutarule

Miaka sita niliendesha gari la vitabu la maktaba yetu, kutoka Uvira mpaka vijiji vya bonde la Ruzizi. Siku hizi linabeba saruji. Watu wakiniuliza, nawajibu kwa mkato, maana hasira bado inanipanda.

Hakuna kituo nilichokipenda kama Mutarule. Nikipiga honi tu, wanawake waliacha mihogo juani wakaja nyuma ya gari, na Consolée, mkutubi wetu, akafungua milango. Wa kwanza siku zote alikuwa Marie-Rose, mjane aliyejifunza kusoma ukubwani, kanisani kwao. Jioni aliwasomea majirani kwa sauti, nao hawakumwacha alale mpaka sura iishe.

Kule, kitu cha watu hakirudi peke yake. Umeazima kikapu, unakirudisha na chochote ndani. Basi vitabu vyetu navyo vilirudi hivyo hivyo: kitabu na ndizi, kitabu na maharage, kitabu na mayai. Consolée, mtoto wa mjini, alidhani ni ukarimu tu. Alipokea, akashukuru, nasi tukarudi zetu tukitafuna ndizi njia nzima. Maana yake tuliijua tumeshachelewa.

Kisha Ruzizi ilifurika, maji yakalala mashambani wiki nzima. Safari iliyofuata nilipiga honi mpaka nikaona aibu. Watu waliingia ndani wakafunga milango. Safari nyingine, vilevile. Kamati ya maktaba ikakaa Uvira, miguu mikavu, ikaamua kwamba Mutarule ni wezi wa vitabu. Consolée aliwalilia wampe safari moja tu aende kuuliza. Wakakataa. Rafu ziling'olewa garini, vitabu vikafungiwa kabatini, ufunguo akakaa nao mwenyekiti. Tangu hapo anayeazima ni mkazi wa mjini tu.

Inaniuma kwamba hakuna aliyeshuka garini kubisha hodi hata mlango mmoja.

Baada ya mavuno, Marie-Rose alitufuata mwenyewe. Alishuka kwenye pikipiki pale maktaba, vumbi mpaka kwenye nyusi, akafungua kitenge. Ndani mlikuwa na kitabu chetu, safi kuliko siku tulipompa. Kando yake aliweka mfuko mdogo wa maharage.

"Mama Consolée, unisamehe," alisema. "Maji ilibeba shamba yote. Ningekurudishia kitabu mukono mutupu namna gani? Tulikuwa tunajificha juu ya kuona haya. Wenzangu nao watakuja, wanangojea tu mahindi yao ikauke."

Consolée aliketi. Mimi nilitoka nje, nikarudi. Sikujua nimlaani nani kwanza.

"Sasa unipatie kingine," Marie-Rose aliendelea, uso umemchangamka. "Bale bamama majirani wananingojea. Niliwaambia leo jioni tunaanza hadithi mupya."

Consolée alilitazama kabati na kufuli lake. Alijaribu kueleza habari za kamati.

"Siwezi kukupa, mama," ndilo neno pekee lililomtoka.

Marie-Rose aliutazama ule mfuko mezani, akausogeza polepole karibu na Consolée, akakunja kitenge chake.

"Ninajua iko kidogo," alisema. "Mwaka inakuja nitaleta mingi."