Kamba Kwenye Kidole Gumba

Haya, sogea nikutegee: nimealikwa karamuni, mlangoni sikudaiwa kitu, nimekula na kucheza, nimerudi nyumbani, kumbe kuna kitu changu nimekiacha kule. Nimeacha nini?

Usikurupuke. Stumai naye alitegewa kitendawili hicho hicho na bibi yake Aurelia, asubuhi moja huko Lupiro, mpunga ukiwa umeanza kuwa wa njano, akabaki anachekacheka tu.

"Bibi, hiyo ni gemu yangu ya simu unaisema."

"Mimi nimetaja karamu. Wewe ndiye uliyetaja gemu. Haya, nisifie hiyo gemu basi."

Stumai akasifu kwelikweli. Kuingia bure. Ndani kuna misitu, majoka yenye mapembe na ngome za mawe, na yeye humo ni mganga: wenzake wakijeruhiwa anawanyooshea fimbo, wanainuka. Kiongozi wao ni Kabula wa Kahama. Hawajaonana hata siku moja, lakini Stumai alipougua malaria, Kabula alimjulia hali kuliko jirani wa ukuta mmoja.

"Na ubaya wake?"

"Aah, Bibi... Mwenye pesa ananunua upanga leo, kesho ameshakupita wewe uliyehangaika mwaka mzima. Halafu haikupi nafasi ya kupumua. Ukikosa vita, ngome imechukuliwa, lawama zote kwako."

"Ukifa?"

"Nafufuka."

"Mpunga ukiliwa?"

Stumai akacheka. Bibi hakucheka. Goti lilikuwa limemvimba, hawezi tena kupanda dungu, kile kichanja kirefu cha kuamia shamba, kufukuza ndege. Chakula chao cha mwaka, pamoja na mbegu, kilikuwa kimesimama mle shambani kikimtegemea mjukuu.

"Utanijibu jioni," akasema, akaondoka akichechemea.

Sasa, kwelea kwelea, vile vindege vinavyokula mpunga kwa makundi, wana saa zao, asubuhi na jioni, na vita vya Kabula vilipangwa asubuhi ile ile. Juu ya dungu Stumai hakutulia. Anatazama shamba, anatazama simu. Anashuka ngazi, anapanda. Simu inatetemeka: "Mganga uko wapi?" Mwishowe akajipatia akili: kamba ya kutishia ndege, inayotikisa makopo yaliyotundikwa shamba zima, akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Mguu unavuta, makopo yanalia, mikono iko huru. Akajiona mjanja! Akajiziba masikio kwa spika ndogo, ngoma za vita zikadunda, na mguu wenyewe, bila kuambiwa, ukafuata ngoma.

Hapo ndipo alipokosea. Anayeamia ndege hapigi kopo kwa mwendo mmoja. Anavuta, ananyamaza, anavuta tena na tena, anapiga ukelele, ndege wasijue kinachofuata. Kopo la mwendo mmoja wanalizoea, kama sisi tunavyozoea mvua juu ya bati.

Jirani yake Wendelin, kutoka dungu la pili, alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "We Stumai! Wako kwako! Kona ya mfereji!" Akarusha bonge la udongo, likagonga nguzo ya dungu. Stumai akainua uso. Kona yote ilikuwa ya kahawia, na inatembea. Akaruka, akasahau kamba, akaanguka kifudifudi. Makopo yote yakalia kwa pamoja, ndege wakainuka kama moshi.

"Karibu duniani, mganga!" Wendelin akamtupia neno. "Haya, yafufue sasa hayo mashuke!"

Kutwa nzima Stumai hakukaa akatulia. Jioni Bibi akaja.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Bibi akashika shuke moja la kona ile, akalisugua kwa vidole: makapi matupu. Akashika jingine. Nalo makapi. Juu ya mto ndege wa jioni walikuwa wameanza kuzunguka. Simu ikatetemeka, Kabula tena.

Stumai akaandika haraka: "Leo siji, dada. Nina ndege. Nitakutafuta wakilala." Akaizima, akampa Bibi aishike. Akapanda dungu, kamba mkononi. Akavuta. Akanyamaza. Akavuta tena, akapiga ukelele, na kundi lililokuwa linashuka likapinda.

"Bibi!" akaita kutoka juu, bila kugeuka, uso ukiwa kwenye kona ya mfereji.

"Naam?"

"Kule karamuni niliacha macho."