Elfu Kumi za Mitsuharu

Mume wangu Mitsuharu ni mvivu wa kutupwa. Tangu astaafu, kazi yake ni kukaa mbele ya televisheni kama furushi na kupiga kelele: "Wee! Chai!"

Mtaa ukatangaza shindano la kutembea kwa waliovuka sitini: siku mia, mwenye hatua nyingi kuliko wote aende siku tatu kwenye chemchemi za maji moto. Nafasi ni ya mtu mmoja.

"Nenda kanichukulie kipimo cha hatua," akaniamuru. Nilipokileta, akakipachika kwenye aproni yangu mimi. "Si unazunguka tu siku nzima? Zisipotee bure."

Ebo! Nikazunguka nacho: kufua, sokoni, kwenye figili zangu, kupanda mlima kwa mama yake. Jioni anakichomoa, anasoma. "Elfu kumi na mbili! Leo nimejitahidi." Nimejitahidi! Mtu asiyejua hata soksi zake zinakaa wapi.

Kilichoniuma ni yale maji. Miaka arobaini na moja naoga wa mwisho, baada yake, katika maji yale yale, yakishapoa. Nilitamani niingie mara moja tu kwenye maji ya moto ambayo sikuyapasha mimi.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe? Nani atampikia mama?"

Kila Jumatatu kipimo kilipelekwa ukumbini, hatua ziandikwe. Ni mwendo wa dakika tano. "Kipeleke wewe, magoti yananisumbua." Nikakipeleka. Wiki zote kumi na nne.

Siku ya kutangaza mshindi alitinga viatu vipya vya michezo, lebo bado inaning'inia. Akakaa mstari wa mbele, kidevu juu. Bi Kiriyama, msimamizi, akasoma: "Nezu Fusae!"

Mitsuharu alikuwa ameshainuka. "Umekosea, dada! Fusae ni mke wangu. Kipimo ni changu!"

Bi Kiriyama akafunua daftari. "Aliyekuja kukichukua ni yeye, akaandikisha jina lake. Kila Jumatatu amekileta yeye. Wewe, bwana, leo ndiyo kwanza nakuona."

Ukumbi mzima ukacheka. Akanigeukia, mdomo wazi. Loo, nilivyomdharau mwanamume yule, na viatu vyake!

Nikampita, nikapokea bahasha yangu.

"Mama yako anakula saa kumi na mbili," nikamwambia. "Njia ya kwake unaikumbuka?"