Tumbaku ya Nyuma ya Nyumba

Venansi alikata roho hospitalini Gitega siku ya Jumanne, kabla uji haujafika wodini. Theodosia, mkewe, alikuwa ameshika kikombe kitupu. Daktari akamwita pembeni.

"Mama, mapafu yake iko imeisha. Ni moshi. Miaka mingi ya moshi."

Akaliandika hilo kwenye karatasi, akagonga muhuri. Theodosia aliifunga karatasi kwenye pindo la kitenge, akamrudisha mumewe Giteranyi, kule Muyinga, kumzika.

Venansi alianza kuvuta katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na sigara Burundi kama wengine walivyorudi na baiskeli. Kisha ikaja sheria. Kuvuta baa kukakatazwa, kodi ikapanda, pakiti zikaandikwa maonyo. Pale kilimani wanaume wakaanza kuacha, mmoja leo, mwingine mwezi ujao. Chabani mwenye duka alimlilia Theodosia hadharani: "Mama Jeska, sheria hii iko inaniua mi kuliko sigara ilivyowaua wao!" Watu wakacheka.

Venansi hakuacha. Bei ya dukani ilipomshinda akawa mkali, sahani zikaruka. Ndipo Theodosia akampandia tumbaku nyuma ya nyumba, mistari minne, ili nyumba itulie. Jani la shambani halikuwa na kodi wala onyo. Venansi akavuta mara mbili ya zamani.

Mwaka huohuo alipatana na jirani yao, Fabiano, aliyelima shamba lao miaka yote ya ukimbizi. Waliligawana, na kama ilivyo desturi wakanywa pombe ya ndizi kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Miezi mitatu baadaye Venansi akaanza kutema damu.

Mwaka wa msiba ulipotimia, ikapangwa siku ya kuganduka, ya kumaliza matanga, ambapo jamaa husema mbele ya kilima kizima kilichowakaa moyoni. Jioni ya kuamkia siku hiyo alifika Bonifasi, mdogo wake marehemu.

"Kesho namtaja Fabiano," alisema.

"Kwa lipi, shemeji?"

"Sumu ya mrija. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kaka yako alikohoa tangu kambini."

"Kukohoa siyo kutema damu. We mwanamke una huruma za bure."

Theodosia alijua kwamba mtu akishatajwa kwa sumu, hata maji ya nyumba yake hayanywewi tena. Fabiano angehama na watoto wake sita. Alijua pia kwamba akisema kweli, swali litakalofuata ni nani aliyepanda.

Kesho yake watu walijaa uani. Fabiano naye alikuja, amebeba kibuyu cha pombe, hana habari. Bonifasi akasimama, akakohoa kidogo, akaanza: "Kaka yangu hakufa kifo cha Mungu..."

"Ngoja, shemeji," Theodosia akasema. Akafungua pindo, akampa katekista aliyeongoza sala karatasi. "Tusomee, baba."

Katekista aliisoma kwanza kwa Kifaransa, kisha akaieleza. Mapafu. Tumbaku.

"Tumbaku gani?" Bonifasi akaruka. "Dukani hakununua tena!"

"Ya hapa nyuma," alisema Theodosia. "Nilipanda mimi. Alivuta yeye. Fabiano hayumo."

Bibi mmoja akakitoa kiko chake mdomoni, akakitazama.

"Basi we ndiye uliyemuua," Bonifasi akasema.

"Sema hivyo ukitaka. Lakini usiseme lile la kwanza."

Bonifasi hakulisema. Alichukua kofia yake akaondoka kabla pombe haijamiminwa. Fabiano alibaki amekaa na kibuyu magotini, hadi Theodosia alipokipokea na kuwa wa kwanza kunywa.

Wiki iliyofuata aliing'oa tumbaku yote. Sasa mistari ile minne ina maharage. Bonifasi akienda sokoni hapiti tena kwa Theodosia; huzunguka kwa njia ya bondeni.