Ada ya Kipande cha Pai

Naapa kwa goti langu la kushoto, kiungo pekee mwilini mwangu ambacho hakijawahi kusema uongo kuhusu mvua: yote nitakayoandika hapa ni kweli tupu. Anayebisha aje Maastricht aniulize. Nipo jikoni siku zote. Kwa umri huu sina safari.

Jorinde Wiarda alipanga chumba changu cha juu mwezi wa Septemba. Binti mrefu, mwenyeji wa Friesland, kaskazini kabisa, ambako watu hula mkate na jibini asubuhi, mchana na jioni, wakaita hayo maisha. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya sheria ya kimataifa na ya Ulaya. Septemba alizipanda ngazi zangu mbili mbili. Kufikia Juni alizipanda kama mtu aliyebeba friji, na alichobeba ni karatasi tu.

Nyumba yenye mwanafunzi wa sheria huchoka nzima. Hukumu zilitapakaa juu ya meza ya chakula, zina madoa ya kahawa, na kwa kuwa sina kazi nilizisoma nikila. Ndivyo nilivyojifunza sheria. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita, lakini niulize leo juu ya uhuru wa bidhaa kuvuka mipaka, nitakueleza mpaka supu yako ipoe.

Kilichokuwa kinammaliza ni tasnifu. Aliandika juu ya zile ada ndogondogo ambazo nchi zilitoza mpakani na kuziita ukaguzi, kumbe ni ushuru uliobadilishwa jina. Msimamizi wake, Dokta Hensgens, alikuwa ameirudisha mara mbili. Mara ya pili aliandika pembeni kwa penseli: "Hoja nzuri. Lakini mpaka wenyewe uko wapi? Sioni hata mtu mmoja aliyesimama hapo." Zilibaki wiki mbili. Tasnifu isipopita mwezi huo, nafasi yake ya mafunzo ya kazi katika ofisi ya mawakili kule Luxembourg angepewa mwingine. Aliisubiri nafasi hiyo mwaka mzima.

Alasiri moja nikamkuta amelaza shavu juu ya hukumu, macho wazi.

"Binti, hukumu haiingii kwa njia ya shavu."

"Mzee Lambert, niache. Hata kope zinaniuma."

"Kula kitu."

"Nimekula."

"Mkate na jibini si chakula, ni adhabu. Haya, nini kimekushinda?"

Akanieleza habari ya penseli ya Dokta. Alihitaji mfano mmoja hai, mtu wa kweli aliyewahi kutoza ada ya kweli. "Si ulikuwa forodha wewe?" akauliza bila kuinua kichwa. "Hukuwahi kuona kitu kama hicho?"

Hapo ndipo ilinipasa niseme hapana, niendelee kuosha sufuria. Lakini aliinua uso, mkunjo wa karatasi umemchora shavuni, akanitazama kama mtu aliyeachwa na treni ya mwisho. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Nikamsimulia juu ya mjane Odilia Schepers, mwokaji wa kijiji cha mpakani, ambaye nyumba yake ilikatwa na mpaka katikati. Tanuri liko Ubelgiji, dirisha la kuuzia liko Uholanzi. Mwaka 1974, nikiwa ofisa kijana, serikali iliniweka jikoni mwake juu ya kiti chenye miguu miwili huku na miwili kule. Kila pai ya cheri iliyotoka tanurini ilibidi ivuke mpaka ikapoe dirishani, na kila ikivuka mimi nakagua matunda. Ada ya ukaguzi, kipande kimoja. Nilitoza kwa niaba ya serikali, nikala kwa niaba ya serikali. Katika miaka miwili sare yangu ilipanuliwa mara tatu. Mwishowe mjane akaanza kuoka pai zenye pengo, kama mwezi mchanga, akadai kipande changu kimeshatolewa. Wizara ilikaa miezi minane ikijadili kama pengo linatosha kuwa malipo.

Jorinde hakucheka. Hilo lilinitia wasiwasi kidogo. Alikaa wima.

"Ada inayolipwa kwa pai," akasema polepole. "Ina athari ileile ya ushuru, ila inaliwa. Mzee, hii ni kweli?"

"Kama ninavyokuona."

"Utatia sahihi?"

Sasa, mtu wa forodha ana ugonjwa mmoja. Kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia samaki. Alipoyachapa maneno yangu nikatia sahihi, na mkono ukaenda wenyewe kwenye droo ya vijiko, ninakoweka muhuri wa zamani niliousahau mfukoni nilipoacha kazi. Nikaupumulia, nikagonga. Karatasi ikapendeza. Herufi za muhuri zimesagika, na Jorinde alikuwa hoi, hakuzisoma. Akaiambatisha mwishoni mwa tasnifu, akaipeleka chuoni, akalala saa kumi na nne.

Siku ya kuitetea tasnifu wageni huruhusiwa. Wazazi wake walikuwa mbali, tena wana ng'ombe wa kukamua, kwa hiyo nilivaa tai nikaenda mimi. Dokta Hensgens alikuwa mwanamke mwembamba mwenye uso wa mtu aliyesoma tasnifu arobaini ndani ya mwezi mmoja. Aliuliza maswali kwa nusu saa, sauti imechoka, na Jorinde akayajibu yote. Nilianza kuwaza chakula cha mchana. Ndipo Dokta akanigeukia.

"Wewe ndiye Bwana Lambert Ruwette?"

"Ndimi."

"Ulikuwa mpakani mwaka 1974."

"Mguu mmoja huku, mmoja kule."

Akachukua kioo cha kukuzia maandishi. "Muhuri wako unasema Forodha, Vifurushi vya Reli, Stesheni ya Maastricht. Mimi nimezaliwa nyuma ya stesheni hiyo, Bwana Ruwette. Pale hapakuwa na mjane wala tanuri. Palikuwa na mizani."

Jorinde akanigeukia. Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa nafuu. Alikuwa na uso uleule wa siku ya shavu juu ya hukumu.

"Mzee, sema unatania."

"Ushahidi wa kubuni unakwenda kwenye kamati ya mitihani," Dokta akasema. "Na kamati haimpi mtu wiki nyingine. Inampa barua."

Nikasimama, goti likalia. Nikasema nilianza kazi mwaka 1981. Nikasema sijawahi kusimama mpakani hata siku moja, na yule mjane nilimwoka mwenyewe nikiosha sufuria. "Huyu aliniuliza kama ni kweli, nikamwambia ndiyo. Kosa lake ni kumwamini mwenye nyumba."

Dokta akaweka kioo mezani. "Na pale stesheni ulifanya nini?"

"Nilipima vifurushi. Nilibandika karatasi ya ada. Miaka kumi na miwili."

"Halafu?"

"Halafu ukaguzi ukafutwa. Jumatatu ya kwanza ya mwaka 1993 nilikwenda kazini kama kawaida, maana hakuna aliyetuambia twende wapi. Nikakaa mbele ya mizani. Vifurushi vikapita nje, nikavitazama dirishani mpaka saa sita. Nikautoa mkate wangu, nikaupima. Gramu mia moja na themanini. Nikaula, nikafunga mlango."

Dokta akavua miwani, akajisugua macho. "Kwa nini hukumwambia hilo?"

"Halina pai."

Jorinde alikuwa ameshashika kalamu. "Hiyo mizani," akauliza, "ilikuwa ya namna gani?"

Alipewa mpaka Ijumaa saa kumi jioni auchane ule ukurasa wa mjane na kuweka wa mizani, tena kwa ushahidi wa nyaraka za mkoa, si wa mdomo wangu. Alizikuta. Jina langu lilikuwa kwenye daftari la zamu, miaka yote kumi na miwili. Alipata sita juu ya kumi, alama ya kupita. Nilipomwambia sita ni ndogo alisema Luxembourg hawaulizi, akapanda ngazi, moja moja, akaenda kulala.

Mimi hukumu yangu ilisomwa siku ileile ya utetezi. Dokta alisema nimetoza ada isiyonistahili, kwa hiyo nitairudisha: pai za cheri kwa ghorofa nzima ya ofisi yake chuoni, nami nisionje. Ijumaa hiyo nilizisukuma kwenye kitoroli pai kumi na moja, nikasimama koridoni nikikata, watu waliochoka wakipokea sahani. Dokta alikuja mwisho. Alichukua kipande, halafu akanyoosha mkono wa pili.

"Na muhuri."

"Umepotea, Dokta. Nimetafuta nyumba nzima."

Jorinde alikuwa ameegemea ukuta, macho nusu yamefumba, mdomo umejaa pai.

"Mfuko wa koti, mzee," akasema. "Wa kulia."

Nikautoa.